Volti za Asubuhi

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Daktari amesema niandike. Alinipa kipande cha karatasi chenye visanduku vitatu: saa za mashine, oksijeni ya kidoleni, chakula. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja na siwezi kuandika namba bila kueleza imetoka wapi, kwa hiyo nimechukua daftari kubwa.

Mgonjwa ni mume wangu, Gerson, miaka sitini na tisa, zamani stesheni masta wa Tura. Alipostaafu tulihamia hapa Goweko tukalima tumbaku. Misimu kumi na miwili ya kuchochea moto kwenye bani la kukaushia ikamaliza mapafu ambayo sigara ilikuwa imeshaanza kuyala. Alilazwa Tabora wiki tatu. Tumerudi Alhamisi na mashine ya oksijeni ambayo binti yetu Flavia ametuma kutoka Mwanza.

Nyumba yetu haina umeme. Nguzo za mwisho zimeishia karibu na stesheni, kilomita tatu kutoka hapa. Lakini gari linao. Ni gari-nyumba: ndani lina vitanda viwili, jiko la gesi na sinki, juu ya paa paneli mbili za sola, na chini ya kitanda changu betri mbili kubwa. Wazungu wawili walikuwa wakiifuata njia ya wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Walipofika Tabora mmoja akaugua, wakarudi kwao kwa ndege, na gari likabaki uani kwa kaka yangu Sylvester, Mtendeni, mpaka likawa letu. Majirani wanaliita Kabati. Limeegeshwa mlangoni pa jiko na sisi sasa tunalala humo.

Sola inajaza betri, betri zinalisha inveta, inveta inalisha mashine, mashine inamlisha Gerson kwa mrija wa puani. Betri zikishuka sana inveta inalia kama kifaranga, kisha inajizima.

Daktari anataka saa nane kila usiku. Kwa hesabu yangu betri zinatosha. Jana zimetoa saa tano.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua ya kwanza. Nilipanda ngazi nikafuta vumbi na mavi ya ndege kwenye paneli. Saa sita mchana jua lilitoka, nikapima: volti kumi na tisa juu. Chini kwenye betri, wakati huohuo, kumi na mbili nukta sita, haipandi. Nikakaza nati zote kwa spana.

Usiku: saa tano na nusu. Oksijeni asubuhi 88.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya ibada wamekuja watu wanane kuchaji simu, kama kila Jumapili tangu tuwe na Kabati. Jirani yetu Advera alikuja wa kwanza na sufuria ya maboga. Tulipokuwa hospitali yeye ndiye aliyelisha kuku na kuchota maji. Alisimama mlangoni mwa gari, akaniamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo. Baba Flavia ameamkaje?" Nikamjibu ameamka.

Alhamisi, 14 Novemba

Inveta imelia saa tisa usiku. Volti za asubuhi: 10.4. Gerson alikaa kitandani ameinama, mikono magotini, mpaka jua lilipopanda. Midomo ilikuwa rangi ya zambarau.

Saa nne Advera akaja na simu mbili, yake na ya mumewe Mayala. Walikuwepo watu wengine watatu. Nikasema hakuna kuchaji tena hapa. Akauliza kwa upole kama kuna kilichoharibika. Nikamwambia, na wote walisikia, "Kila simu unayoleta ni pumzi ya mume wangu unayoiondoa."

Alizichukua simu zake, akazifuta kwa kanga ingawa hazikuwa na vumbi, akaondoka.

Jumanne, 19 Novemba

Leo nimepiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla sijafungua mdomo. Simu nane, zikijazwa kutoka mwanzo hadi mwisho, zinakula umeme wa mashine wa robo saa. Robo saa, mara moja au mbili kwa wiki.

Sijaenda kumwambia.

Ijumaa, 22 Novemba

Wingu. Saa nne na nusu.

Jumatano, 27 Novemba

Nimemwita Shilinde, fundi umeme wa magari pale Mtendeni. Alishuka na treni ya asubuhi, akatembea kilomita tatu kwenye tope na begi la vifaa kichwani. Nilimfundisha kidato cha pili. Alirudia darasa, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia neno jema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Betri zote mbili zinasoma kumi na mbili nukta sita zikijaa. Nimepima mwenyewe. Tatizo ni paneli."

"Ulipima zikiwa zimepumzika?"

"Ndiyo."

"Betri iliyopumzika haisemi kweli, Mwalimu. Ni kama mtu aliyekaa kitini. Huwezi kujua kama anaweza kubeba gunia."

Akazitenganisha, akawasha mashine kwa betri moja moja. Ya kwanza ilishuka kidogo ikasimama. Ya pili iliporomoka mpaka tisa kabla sijahesabu kumi.

"Hii imekufa," akasema. "Na kila mkiziunganisha inamnyonya mwenzake."

Aliitoa. Kisha akalala chali chini ya sinki na tochi mdomoni, akaufuata waya wa sola kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka akafika kwenye kiungo kilichofungwa tepe nyeusi. Akaifungua tepe. Ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Akakata, akakwangua, akaulehemu upya kwa risasi. Saa nane mchana jua lilipotoka, betri iliyobaki ikapanda hadi kumi na nne. Nilikuwa sijaona kumi na nne kwa mwezi mzima.

Nilimpa ugali na mlenda. Alipomaliza kula akauliza, "Mzee anahitaji masaa mangapi?"

"Nane."

"Na mwezi ujao?"

Sikulipenda swali hilo. Nikamwambia alete betri ya pili na maswali ya mwezi ujao aniachie mimi.

Alhamisi, 28 Novemba

Saa sita na nusu kwa betri moja, mbili za mwisho jua likisaidia. Oksijeni 90. Gerson amekula uji wote, akaniomba nimsomee gazeti la wiki iliyopita.

Jumatatu, 2 Desemba

Wingu.

Jumanne, 3 Desemba

Wingu. Mvua mchana.

Jumatano, 4 Desemba

Wingu. Saa nne.

Jumatano, 18 Desemba

Daktari kwa simu, baada ya kusikia namba zangu: sasa si saa nane. Ni kumi na mbili, na akikaa bila mashine kwa zaidi ya nusu saa awe amelala, asitembee. Nilimuuliza kuhusu kumpeleka Tabora. Akasema nifanye hivyo mapema iwezekanavyo, mahali penye umeme wa uhakika.

Nikamwambia Gerson. Alitikisa kichwa.

"Mtendeni kuna kelele," akasema. Huwa anapumua kati ya sentensi. "Tusubiri mvua zipungue."

"Mvua zitapungua Aprili."

"Basi Aprili."

Nilijua ningeweza kumbishia. Lakini nyumba hii aliijenga kwa mikono yake, na mimi pia nilitaka kuamini kwamba betri ya Shilinde ikifika hesabu itakubali. Nikanyamaza. Naandika hapa kwamba nilinyamaza.

Jumatano, 25 Desemba

Kwaya ya kanisa imekuja kuimba nje ya gari kwa sababu Gerson hakuweza kufika ibadani. Waliimba kwa Kinyamwezi, mvua ya manyunyu ikiwaangukia mabegani, naye akapiga sauti ya pili kwa midomo tu. Advera yumo kwenye kwaya. Aliimba akiangalia magurudumu.

Wazee wa kanisa wametuazima jenereta. Moshi wake unamkaba, kwa hiyo tumeliweka nyuma ya bani la zamani na waya mrefu. Mchana linajaza betri na kuendesha mashine, usiku betri inafanya kazi. Saa kumi. Oksijeni 90. Flavia amepiga simu akalia, nikamwambia mambo yanakwenda vizuri, na kwa leo ni kweli.

Ijumaa, 3 Januari 2025

Maji yamefunika mbuga ya upande wa Tabora. Magari hayapiti. Petroli imekwisha dukani kwa Selemani na hajui lini italetwa. Nimerudi kwenye sola na wingu.

Saa tano. Anahitaji kumi na mbili.

Jumanne, 7 Januari

Shilinde amekuja na treni iliyochelewa siku nzima, amepakata betri mpya kama mtoto mgonjwa. Ameifunga, amebadilisha waya hasi ambao ulikuwa umeliwa na kutu pale ulipofungwa kwenye bodi la gari, amekagua inveta. Kazi ya saa tano. Nilimshikia tochi na mara hii sikumwambia tatizo ni nini.

Alipomaliza nikasema, "Shilinde, darasani sikukutendea haki."

Akafuta mikono. "Nilikuwa mvivu, Mwalimu."

"Hapana. Nilikuwa nauliza maswali ya ubaoni tu."

Alipoondoka kwenda stesheni nilimsindikiza mpaka njia panda, jambo ambalo sijamfanyia mgeni yeyote tangu Novemba.

Jumatano, 8 Januari

Volti za asubuhi: 12.2. Usiku kucha mashine haikuzimika. Saa kumi na moja.

Alhamisi, 9 Januari

12.3. Nililala mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Sijalala hivyo tangu hospitali.

Ijumaa, 10 Januari

12.2, na jana hakukuwa na jua kabisa. Nimempigia Shilinde kumsifu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mungu mkubwa." Nimempigia Flavia pia. Gerson alikuwa amelala akitusikiliza, akatabasamu.

Jumapili, 12 Januari

12.3. Oksijeni 81.

Labda kipimo cha kidoleni kimechoka. Nimejipima mimi: 97.

Jumanne, 14 Januari

12.2. Oksijeni 79. Nimeosha chujio la mashine. Nimebadilisha mrija. Nimeweka ncha ya mrija kwenye glasi ya maji, mapovu yanatoka vizuri. Umeme upo, hewa ipo, mashine nzima. Lakini asubuhi anaamka amevimba macho, hajui ni siku gani. Leo ameniita kwa jina la mama yake.

Alhamisi, 16 Januari

Naandika yote kwa mpangilio, maana nikiacha nitaanza kuyabadilisha kichwani.

Saa moja asubuhi nilimpigia Shilinde nikamsomea namba. Aliuliza, "Mwalimu, hizo saa kumi na moja umezipataje?"

"Nawasha saa moja jioni, nazima saa kumi na mbili asubuhi."

"Na jua lilikuwepo?"

"Halikuwepo."

Akanyamaza, kama alivyonyamaza Ijumaa. Kisha akasema polepole, "Betri hizo, hata zikiwa zimejaa kabisa, na bila kuziumiza, zinatoa masaa nane. Tisa tukibahatika. Mimi nilishangaa siku ile, ila nikaona Mwalimu ndiye anayejua hesabu. Hebu angalia nyuma ya mashine. Kuna kidirisha kinachohesabu masaa iliyofanya kazi tangu itengenezwe."

Nilikuwa sijawahi kukitazama. Nikaandika namba iliyokuwepo. Kwenye karatasi za mashine fundi wa hospitali aliyeikagua alikuwa ameandika namba ya siku tuliyoondoka nayo. Nikatoa ile kwenye hii. Nikajumlisha saa zote nilizoandika, kwenye karatasi ya daktari na humu, kuanzia siku tuliporudi hadi leo.

Zangu zilizidi za mashine kwa saa sabini na nne.

Nilikaa kwenye ngazi ya gari. Tangu tarehe saba ni usiku tisa. Sabini na nne gawanya kwa tisa ni nane na ushee. Kila usiku, katika saa kumi na moja, mashine ilikuwa imefanya kazi chini ya saa tatu.

Nikaingia ndani. Alikuwa macho, ameegemea mito.

"Baba Flavia. Unazima mashine?"

Hakujifanya hajaelewa. Alitazama dirisha.

"Ukishalala," akasema. "Halafu nawasha kabla hujaamka."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaamka mara sita. Kupima." Akapumua. "Siku ile ya kwanza nilizima kwa bahati mbaya. Nilikuwa natafuta maji. Asubuhi ukapima, ukacheka. Sijakusikia ukicheka tangu mwaka juzi."

"Umenidanganya kwa namba zangu mwenyewe."

"Namba sikuzigusa."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilitaka kumpiga mtu ambaye hawezi kunyanyua kikombe.

"Pale Tura," akasema, na ilimchukua muda mrefu kuyamaliza haya, "abiria walikuwa wanauliza treni inafika lini. Mara nyingi simu ilikuwa imekatika. Nilikuwa sijui chochote. Lakini nilikuwa nawaambia iko njiani. Wanatandika mikeka, wanalala. Ukiwaambia hujui, wanakaa macho usiku kucha, na treni haiji upesi zaidi kwa sababu wao wako macho."

"Mimi si abiria."

"Hapana," akasema. "Wewe ni mke wangu na ulikuwa hulali."

Nikawasha mashine. Ilikuwa mchana na betri zingeisha kabla ya jioni, nikaiwasha hivyo hivyo. Nikakaa kitandani pake mpaka mvua ilipoanza.

Mwalimu wa fizikia alikuwa anajua. Umeme hauzaliwi kutoka hewani. Saa kumi na moja bila jua ilikuwa haiwezekani, na mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa watu kwamba haiwezekani. Sikutaka kujua. Kwa usiku tisa yeye alikuwa anakabwa nami nalala fofofo futi mbili kutoka kwake.

Ijumaa, 17 Januari

Saa nane kamili, kisha inveta ikalia. Tumekaa macho wote wawili. Amekubali kwenda Tabora.

Jumatatu, 20 Januari

Mbuga bado ina maji. Kwa treni haiwezekani: hakuna pa kuchomeka mashine, na siku hizi inaweza kusimama nusu siku porini kwa sababu ya maji. Njia ni gari lenyewe, injini ikijaza betri tukiwa tunakwenda. Naliendesha mimi. Lakini pale mbugani litazama bila ng'ombe wa kuvuta, na mwenye ng'ombe wa kulimia karibu ni Mayala, mume wa Advera.

Nilikwenda jioni. Advera alikuwa anapepeta mpunga. Hakunikaribisha kiti, nami sikungoja kukaribishwa, nikasimama.

Nikamweleza habari ya robo saa. Nikasema nilijua tangu tarehe kumi na tisa Novemba na nikakaa nayo miezi miwili kwa aibu.

Aliendelea kupepeta. "Unataka ng'ombe," akasema.

"Nataka ng'ombe. Na nimekuja kuomba radhi. Ni mambo mawili."

"Ng'ombe utawapata. Mayala ataamka alfajiri." Akatua ungo. "Hilo la pili liache, Mama Flavia. Ulinisema mbele ya watu kwamba namuua mumeo. Nimejaribu kulitoa moyoni, halitoki. Siwezi kukwambia limetoka."

Nikamshukuru kwa ng'ombe.

Jumatano, 22 Januari

Tumevuka. Ng'ombe wanne, Mayala mbele na maji kiunoni, akiwaita kwa majina. Tope liliingia mpaka kwenye ngazi. Mashine haikuzimika hata mara moja, kwa sababu injini ilikuwa inajaza. Gerson alilala akitazama dari, na kila gari lilipotingishika alisema "twende", kwa sauti ndogo, sijui kwangu au kwa ng'ombe.

Ng'ambo Mayala aliingia ndani akamshika mkono.

Mtendeni tumefika saa kumi jioni. Sylvester ameshavuta waya kutoka nyumbani kwake hadi uani. Shilinde alikuwa anatusubiri na kipimo mkononi. Akachomeka, akapima, akanionyesha: mia mbili thelathini, imetulia. Tangu Oktoba nimekuwa nikihesabu saa za mume wangu. Leo hakuna cha kuhesabu.

Alhamisi, 23 Januari

Mashine saa ishirini na nne. Betri zimejaa. Oksijeni 89.

Ijumaa, 24 Januari

89. Amekula ndizi.

Jumatatu, 27 Januari

86. Umeme mzuri.

Alhamisi, 30 Januari

83. Nimepandisha mashine hadi mwisho. Umeme mzuri. Usiku ulikatika kwa dakika arobaini, betri zikapokea zenyewe bila yeye kuamka, kama nilivyoota zifanye tangu mwanzo.

Jumatatu, 3 Februari

Nimempeleka hospitali. Daktari ni kijana, alikaa nasi zaidi ya muda wake. Alisema mashine inatoa inachoweza kutoa na umeme wetu hauna kasoro. Mapafu ndiyo hayana tena mahali pa kuipokelea.

Nikamuuliza lile lililokuwa likinikaba tangu tarehe kumi na sita. "Zile siku tisa. Kama mashine ingewashwa?"

Angeweza kusema hazikuhusika. Alifikiri, akasema, "Zilichangia, Mama. Kiasi gani siwezi kukwambia. Hata bila hizo tungefika hapa, labda baadaye kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Sijui."

Walitaka kumlaza. Gerson akasema anataka kwenda kwenye Kabati. Tukarudi.

Alhamisi, 6 Februari

78. Flavia amefika na basi la Mwanza. Analala kwenye kitanda changu na mimi nakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la betri. Lina joto.

Jumapili, 9 Februari

Amefariki saa mbili na dakika kumi asubuhi, kengele za kanisa zikiita ibada ya kwanza. Flavia alikuwa amemshika miguu. Mimi nilikuwa nimemshika mkono wenye kipimo, nikakitoa kidoleni kabla, ili nisikitazame.

Baadaye, kabla ya kumwita Sylvester, nilichukua mita nikapima. Soketi: 230. Betri: 12.8. Inveta nzima. Fyuzi zote nzima. Nilitoa mrija nikauweka shavuni, hewa ilikuwa inatoka baridi na nyingi. Flavia aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia natafuta kosa. Akanizimia mashine.

Jumanne, 11 Februari

Tumemzika Goweko. Mbuga imekauka kiasi, malori yanapita.

Jumanne, 18 Februari

Sina cha kuandika.

Jumatatu, 24 Februari

Flavia amerudi Mwanza. Anataka nimfuate baada ya mwezi. Nimesema nitaona.

Jumamosi, 1 Machi

Sylvester amekuwa akinihimiza gari liondoke uani, na leo amekuja mtu aliyeelekezwa na wauguzi wa hospitali. Anaitwa Nibitanga, mkulima wa Ulyankulu. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Amevaa shati la ibadani na viatu vyenye tope jekundu. Mkewe, Esperansi, alipona kifua kikuu lakini mapafu yamebaki makovu matupu, na yuko wodini akingoja kuruhusiwa. Ameambiwa anahitaji mashine ya oksijeni nyumbani.

"Kwenu kuna umeme?" nikamuuliza.

"Hakuna, Mama. Ndiyo maana naulizia mashine pamoja na gari."

Nikamweka kitini nikamweleza kila kitu. Paneli hazitoshi siku za wingu. Betri zitatoa saa nane, kisha mwakani saba. Mahitaji ya mkewe yatapanda na hayatashuka. Nilifundisha fizikia maisha yangu yote na fundi wangu ni hodari kuliko fundi yeyote Tabora, na bado haikutosha. Kama anaweza kupanga chumba mjini, apange.

"Nina watoto watatu na shamba," akasema. "Mjini nitawalisha nini?"

Nikampa daftari hili. Sikujua kwa nini nilimpa. Alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole, na alipofika tarehe kumi na sita Januari alisoma mara mbili. Chai yake ilipoa. Kisha akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mzee alikaa humo muda gani?"

"Miezi mitatu na kidogo."

Akahesabu kwa vidole: Machi, Aprili, Mei. "Mpaka mahindi yakauke," akasema. "Yule mdogo atakuwa ameanza kutembea."

"Inaweza isifike hapo."

"Ndiyo, Mama. Nimesoma."

Nje Sylvester alikuwa anafagia. Nilisubiri moyo wangu uniambie kwamba safari hii itakuwa tofauti, kwamba mkewe ni kijana, kwamba masika yana mwisho. Haukuniambia lolote.

"Unajua kuendesha?" nikamuuliza.

"Sijui."

Nimempigia Shilinde akague betri kesho. Esperansi ataruhusiwa Jumanne. Barabara ya Ulyankulu ina mashimo na sijawahi kuipita wakati wa mvua, kwa hiyo tutaondoka asubuhi na mapema. Nitaendesha mimi.